Nani amekupa hiyo namba? Shajara ya Wi-Fi ya maktaba, Kigoma

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Kwanza mradi wenyewe, kwa atakayesoma bila kujua tulikotoka. Chuo ni kidogo, kiko mlimani upande wa barabara iendayo Ujiji. Ukisimama mlangoni mwa maktaba unaliona ziwa, na siku isiyo na ukungu unaiona na milima ya Kongo ng'ambo. Wanafunzi wengi hawawezi kununua bando kila siku, kwa hiyo tuliweka maktaba ya ndani: kompyuta ya mezani ya mtumba iliyogeuzwa seva, ndani yake kuna Wikipedia ya Kiswahili inayosomwa bila intaneti kupitia Kiwix, notisi za walimu na mitihani ya miaka iliyopita. Mwanafunzi anajiunga na Wi-Fi, anaandika maktaba.chuo, anasoma bure.

Mpangilio ni huu. Ruta ya mtoa huduma ina anwani (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) 192.168.0.1, kazi yake kutoa watu nje, kwenye intaneti, tu. Seva ni 192.168.0.2, na ndiyo inayogawa anwani kwa kila kifaa kinachoingia, kuanzia .100 hadi .250 (naandika tarakimu za mwisho tu, mwanzo ni ule ule). Seva hiyo hiyo ndiyo inayojua kwamba jina maktaba.chuo ni lake. Visambazaji vya Wi-Fi viko vitatu: A maktaba, B bwenini, C darasa la kompyuta. A na B ni vipya, ndugu wa kampuni moja na toleo moja. C ni mtumba nilioutoa Dar, nikausafirisha kwa treni ndani ya begi la nguo.

Leo tumetimiza wiki tatu tangu tuwashe. Saa 2 asubuhi madamu wa maktaba kanipigia: "Fundi, Wi-Fi ipo, lakini haipo."

Nikacheka. Nilipofika nikaona hakuna namna nzuri zaidi ya kulieleza. Alama ya Wi-Fi kwenye simu imejaa, lakini maktaba haifunguki na intaneti haifunguki. Wala si kwa wote. Kwenye meza moja wamekaa wanafunzi wanne; wawili wanasoma, wawili wanatazama kiduara kinazunguka.

Nimechomoa A na B, nikahesabu hadi kumi, nikachomeka. Watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, polepole, na kufika saa 6 mchana wote walikuwa ndani. Kwenye daftari nimeandika "joto?" nikaondoka. Alama hiyo ya kuuliza siioni fahari.

Jumanne

Hakuna aliyepiga simu.

Jumatano

Limerudi. Saa 2 kasoro, madamu yule yule, maneno yale yale, ila leo hakucheka yeye wala sikucheka mimi. Na limekuja na mwenzake: laptopu ya mhasibu imetoa ujumbe kwamba anwani yake inagongana na ya kifaa kingine kwenye mtandao. Mhasibu amenitazama kama mtu aliyegundua nimempa mpangaji mwingine chumba chake.

Nimezima na kuwasha A na B. Mambo yakatulia tena. Dawa inayoponya bila kukuambia ugonjwa inaudhi, kwa sababu mgonjwa anakushukuru nawe huna la kumwambia.

Mtuhumiwa wangu wa leo ni C. Kimetumika kwa mtu mwingine, sijui kilipangwaje, na sikumbuki kama nilikirudisha kwenye hali ya kiwandani kabla ya kukifunga. Kisambazaji chochote ambacho hakijazimwa huduma ya DHCP, yaani ya kugawa anwani, kinaweza kuanza kugawa anwani kivyake, na mtandao ukiwa na wagawaji wawili wasiojuana ni vurugu tupu. Nimekifungua, nimekitia kwenye begi, nimekwenda nacho nyumbani.

Alhamisi hadi Jumapili

Shwari. Siku nne mfululizo. Ijumaa nilipita nikiwa njiani kwenda Kibirizi, wanafunzi wakanipungia mikono kutoka barazani. Nimemwambia mkuu wa chuo kwamba tatizo lilikuwa kile kifaa cha mtumba. Kaniambia, "Rahisi ghali, fundi." Nikaitikia.

Wiki ya pili, Jumatatu

C kiko kwangu, kwenye begi, chini ya kitanda. Na tatizo limerudi.

Leo niliapa sitagusa plagi hata moja mpaka nimeuona ugonjwa ukiwa mwilini. Nimechelewa. Madamu alishachomoa na kuchomeka A na B mwenyewe: "Nimefanya kama ulivyofanya wewe." Huwezi kumlaumu mtu kwa kujifunza vizuri.

Kabaki mgonjwa mmoja, kijana wa mwaka wa pili aliyekaa pembeni, lakini yeye anasoma bila shida yoyote. Nikamuuliza mbona wenzako walikuwa wanalia. "Mimi jina halifunguki, fundi. Naandika namba." Kwenye simu yake kaandika 192.168.0.2, na maktaba imefunguka.

Nimeiomba simu yake, nikaingia kwenye maelezo ya Wi-Fi. Anwani: 192.168.0.113. Lango: 192.168.0.254.

Hapo nikakaa chini. Lango la mtandao wetu ni .1, yaani ruta. Namba .254 ni ya A, ndiyo aliyotoka nayo kiwandani na sikuibadilisha. Maana yake kuna mtu amempa kijana huyu anwani nzuri kabisa, iliyo ndani ya mtaa wetu, ndiyo maana akiandika namba ya seva anafika. Lakini amemwambia kwamba njia ya kutokea nje ni A, ambacho hakina njia yoyote ya kutokea nje, na kwamba majina akamuulize A, ambacho hakijui jina hata moja. Wi-Fi ipo, lakini haipo.

Nimefungua ukurasa wa mipangilio wa A nikiwa na hakika nimemshika mwizi. Sehemu ya DHCP inasema: Otomatiki. Hali kwa sasa: haigawi.

A kinakana. Na kwa kweli nimejaribu kwa simu yangu mara sita, nikisahau mtandao na kujiunga upya, na mara zote sita seva ndiyo iliyonipa anwani, lango .1, kila kitu sawa. Nimerudi nyumbani nikiwaza kwamba bwenini kuna mwanafunzi kachomeka ruta yake yenye namba ile ile.

Jumanne

Nimekesha na kumbukumbu za seva. Ninazo zote tangu siku ya kwanza, na nilishazipitia Jumatano iliyopita nisione kitu. Mstari wenyewe ni kama huu, uko wa aina yake kwa mamia:

`DHCPREQUEST for 192.168.0.113 (192.168.0.254) from a6:3f:19:0c:72:e8 via eth0`

Jicho langu lilikuwa linasoma mwanzo na mwisho: anwani gani, simu gani. Kile kilicho kwenye mabano nilikiruka kila mara, kama mtu anavyoruka jina la kiwanda kwenye mfuko wa saruji.

Ieleweke jinsi simu inavyopata anwani. Hatua ni nne, na zimewekwa kwenye RFC 2131, waraka wa viwango vya intaneti wa Machi 1997. Simu ikiingia haijui mtu, kwa hiyo inapaza sauti kwa mtandao mzima: nani anagawa anwani hapa? Kila mgawaji aliyesikia anatoa ofa. Simu inachagua ofa moja na kuiomba rasmi. Aliyechaguliwa anathibitisha. Ombi lile la hatua ya tatu halinong'onwi sikioni mwa aliyechaguliwa. Linatangazwa kwa wote, likiwa na anwani ya mgawaji aliyeteuliwa, ili wale wengine wajue ofa zao zimekataliwa na wazirudishe kapuni.

Basi namba iliyomo kwenye mabano ndiyo hiyo, mgawaji aliyeteuliwa. Seva yangu imekuwa ikisikia asubuhi nzima simu zikimwambia mwingine "nimekubali yako", nayo, kwa adabu zake zote, inaandika daftarini na kunyamaza. Ushahidi nilikuwa nimeulalia.

Ofa yenyewe ya A nisingeiona kwenye seva hata ningewasha tcpdump, programu ya kunasa mawasiliano ya mtandao, usiku kucha. Simu imeshikwa na A, A kinaijibu papo hapo hewani, jibu halipiti kwenye waya wa seva. Kwa sababu hiyo hiyo swichi ya mtandao ya bei kubwa yenye uwezo wa kuchuja wagawaji wasioruhusiwa, ambayo rafiki yangu mmoja wa Dar alinishauri kwa simu tununue, ingezuia majibu ya A yasiende kwa watu wa bwenini na darasani, lakini walio maktaba wangeendelea kupotezwa. Fedha hiyo bora iende kwenye viti.

Swali jingine: seva ikiwa hai na A kiko hai, kwa nini simu zichague A? Kwa kawaida simu inakubali ofa ya kwanza kufika. Seva yetu inagawa anwani kwa programu iitwayo ISC DHCP, na hiyo ina tabia ya kiungwana: kabla ya kumpa mgeni anwani kutoka kwenye akiba, inaigongea kwanza kwa pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?") na kusubiri sekunde nzima kusikia kama kuna mtu ndani. A hakisubiri kitu. Waliokwenda ziwani usiku wanajua dagaa hawaulizi karabai ni ya nani. Wanaifuata iliyo karibu. (Programu hiyo nayo ina mambo yake. Waundaji wake walitangaza mwaka 2022 kwamba wanaacha kuitunza na kuwahamisha watu kwenye Kea, programu yao nyingine ya kazi hiyo hiyo. Nitahama, ila siyo katikati ya moto huu.)

Nilitaka pia nijue simu hizo ni za akina nani nikaongee nao. Haiwezekani. Ile a6 mwanzoni mwa a6:3f:19 na kuendelea, ambayo ni anwani ya kifaa chenyewe (MAC), si ya kukopeshwa, inaonyesha kuwa ni ya kubuni. Tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, a au e, jua simu imejitungia jina. Android zinafanya hivyo zenyewe tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Kwa faragha ni jambo jema, ila kwa fundi ni kero.

Nimehesabu. Mistari yenye .254 au .253 kwenye mabano inaonekana siku tatu tu: Jumatatu ya wiki jana, Jumatano ya wiki jana, na jana. Siku nyingine zote hakuna hata mmoja. Na .253 ni B. Kwa hiyo ndugu wote wawili wanagawa, kwa siku zile zile, kisha wanaacha. Ruta ya bwenini haipo, nilimsingizia mtoto wa watu.

Kwa nini siku hizo?

Jumatano

Jibu lilikuwa kwenye kibanda cha mlinzi.

Nilikuwa nimetoka nje kunyoosha mgongo. Mzee wa geti anachoma muhindi, kanikaribisha. Shikamoo, marahaba, habari za kazi. Nikamwambia kazi imenishinda, ina siku zake kama homa ya vipindi. Akaniuliza siku zipi. Nikamtajia. Akasema, "Hizo si ndizo umeme ulikatika usiku?"

Mzee ana daftari la matukio, la jalada gumu, na anaandika kila kitu: gari lililoingia, ng'ombe aliyevuka uzio, mwanafunzi aliyerudi saa mbaya. Amelifungua mbele yangu. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya wiki jana: *8:10 umeme umekatika. 9:25 umerudi.* Usiku wa kuamkia Jumatano: upo. Usiku wa kuamkia juzi: upo. Kati ya hapo hakuna. Msimu wa mvua umeanza, radi ziko juu ya ziwa kila baada ya siku chache, na zile siku nne nilizojisifu kwa kumfunga C zilikuwa tu siku nne zisizo na radi.

Nimekimbilia seva na namba zangu. Nikatafuta 08:10. Seva ilikuwa hai, inafanya kazi bila wasiwasi wowote. Nikatafuta 09:25, hai vilevile. Nikarudi getini nimenyong'onyea, nikamwambia mzee saa zake hazikubaliani na za mashine. Kanitazama kwa huruma.

"Saa nane *usiku*, mwanangu."

Miaka ya kukaa na kompyuta imenifanya nisome daftari la mzee wa Kigoma kama saa za Uingereza. Saa 8:10 usiku kwa seva ni 02:10. Nimeangalia: mstari wa mwisho kabla ya ukimya ni 02:09. Halafu kimya. Orodha ya mara seva ilipowaka, ambayo unaipata kwa `journalctl --list-boots`, inaonyesha imeamka 07:40. Umeme ulirudi 03:25. (Kwenye orodha hiyo kuna mstari mmoja wenye tarehe ya ajabu kabisa. Nimeupita, nilikuwa na haraka.)

Saa nne na robo umeme upo, seva imelala. Nikamuuliza madamu wa maktaba nani huiwasha. "Mimi. Nikifika asubuhi nikikuta taa imezimika nabonyeza." Hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kumuuliza, na kwake ilikuwa kama kufungua madirisha. UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) tuliyoikuta hapo betri yake ilikufa kabla yetu. Sasa hivi inatumika kuegemeza mlango.

Nikarudi kwenye ukurasa wa A na lile neno Otomatiki, safari hii na karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya boksi. Maandishi madogo, upande wa nyuma: katika hali ya Otomatiki, kifaa kinapowaka huchungulia kwanza kama kuna mgawaji wa anwani kwenye mtandao. Kikimkuta, kinakaa kimya. Kisipomkuta, kinaanza kugawa chenyewe.

Basi. Umeme unarudi saa 9:25 usiku. A na B vinaamka chini ya dakika moja, vinachungulia, seva imelala. Kila kimoja kinajiona ndiye mwenye nyumba. Saa 1:40 asubuhi madamu anabonyeza kitufe, seva inaamka na kuanza kugawa, lakini hakuna anayeviambia A na B kwamba mwenyewe amerudi, maana vilishachungulia mara moja na havichungulii tena. Kuanzia hapo tuna wagawaji watatu. Kisha nafika mimi, mtaalamu, nachomoa A na B na kuchomeka. Vinaamka, vinachungulia, seva ipo, vinakaa kimya. Mambo yanatulia.

Dawa yangu ndiyo iliyokuwa inauficha ugonjwa.

Hata ule uponaji wa mmoja mmoja sasa naujua. Anwani ni mkopo, na A hukopesha kwa dakika 120. Simu ikifika nusu ya muda, dakika ya 60, inamrudia aliyeikopesha kuomba nyongeza. A kimeshaacha kazi, hakijibu. Ikifika asilimia 87.5, yaani dakika ya 105, inakata tamaa na kutangaza kwa wote, ndipo seva inapoisikia na kuiweka sawa. Aliyezima na kuwasha Wi-Fi yake alipona mapema, aliyeacha simu mezani alisubiri.

Alhamisi

Sikuridhika na hadithi, hata kama inapendeza. Nimeomba ruhusa kwa mkuu, nikatangaza kwamba saa 5 hadi saa 6 hakuna mtandao, na nikaigiza usiku wa radi.

Nimezima meni swichi ya jengo. Nimewasha. Sikuigusa seva. Simu yangu ya majaribio ikiwa maktaba ilipata anwani kabla sijamaliza kufungua laptopu: .100, lango .254. Nikatembea hadi bwenini, nikasahau mtandao, nikajiunga upya: .100 tena, lango .253. Namba ile ile kutoka kwa wagawaji wawili tofauti! Kiwandani wote wamepangiwa kuanzia .100 hadi .199, na hakuna anayesoma daftari la mwenzake.

Hapo ndipo kesi ya mhasibu ilipojieleza yenyewe. Mhasibu hufika mapema kuliko wote. Jumatano ile laptopu yake iliomba anwani seva ikiwa bado imelala, A kikampa .104. Lakini kwenye daftari la seva .104 ilikuwa ya mwanafunzi fulani tangu jana yake. Mwanafunzi akaja saa 2, simu yake ikaiomba ile namba yake ya zamani, seva ikamwangalia daftarini, ikamkubalia. Wapangaji wawili, ufunguo mmoja. Laptopu ikalalamika, simu ikanyamaza, kila mmoja akawa anapata nusu ya mawasiliano. Nimekwenda kumweleza mhasibu. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo kweli ulimpa mtu chumba changu."

Nimewasha seva, nikaacha A na B jinsi vilivyo, nikahesabu. Katika majaribio 10 ya simu ambayo haijawahi kuingia, seva haikushinda hata mara moja. Ile sekunde ya uungwana.

Kisha matengenezo, ambayo ukilinganisha na wiki mbili hizi ni aibu kuyaandika. DHCP ya A na B: kutoka Otomatiki kwenda Zima. Anwani za visambazaji nimezitoa kwenye namba za zamani na kuzipeleka .11, .12 na .13, chini kabisa, mbali na fungu la kugawa. Fungu la seva nimelianzisha .60 badala ya .100, maana wanafunzi wanaongezeka. Kila kifaa nimekiandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni: herufi, anwani, na "DHCP IMEZIMWA" pamoja na tarehe, ili atakayekuja baada yangu na pini ya kubonyezea kitufe cha kurudisha kiwandani ajue anavuruga nini. Kwenye BIOS ya seva, yaani mipangilio yake ya msingi, nimebadili kipengele cha umeme: ukirudi, iwake yenyewe.

Nikaigiza radi mara ya pili. Visambazaji vikaamka, simu ikawa inauliza na hakuna anayejibu. Baada ya dakika mbili hivi seva ikamaliza kuamka, simu ikapewa .60 na lango .1. Nimerudia mara tatu.

Ijumaa

Nimemrudisha C darasani. Nilimkagua kabla ya kumfunga: DHCP yake ilikuwa imezimwa siku zote, tangu kwa mwenye nacho wa kwanza. Mkuu kapita akaniona juu ya ngazi. "Si ulisema hicho ndicho kibovu?" Nimemwambia nilikosea. Akasema sawa, nishuke nile, leo kuna migebuka.

Wiki ya tatu

Kimya. Mvua moja kubwa mchana, umeme haukukatika.

Wiki ya nne, Jumanne

Usiku radi zimepiga kweli. Madamu kanipigia saa 1:45 asubuhi, safari hii na maneno mapya: "Fundi, leo haipo kabisa."

Nimefika mbio. Kwenye laptopu ya mhasibu anwani ni 169.254 na mengineyo, ile ambayo kompyuta hujitungia ikikosa wa kuipa. Kwenye simu: inatafuta anwani, inashindwa, inajitoa. Maktaba nzima hakuna aliyeunganishwa, wala mmoja. Nimefurahi kiasi cha kumshangaza madamu. Mtandao ambao haupo kwa wote nitauelewa ndani ya dakika tano. Ule uliokuwepo kwa nusu ya watu ulinila wiki mbili.

Seva ilikuwa imezimwa. Umeme upo, haijawaka yenyewe, wakati nilishaiagiza iwake. Nimeiwasha na kuingia BIOS: tarehe imerudi nyuma miaka na miaka, na kipengele cha umeme kimerudi "baki umezimwa". Imesahau kila kitu nilichoiambia. Ule mstari wenye tarehe ya ajabu nilioupita siku ya mzee wa geti ulikuwa unanieleza haya haya.

Kibetri cha saa, CR2032, kile cha duara kama sarafu, kinachotunza tarehe na mipangilio ya BIOS umeme usipokuwepo. Kilikuwa kinazeeka na kompyuta. Majaribio yangu ya Alhamisi yalipita kwa sababu nilizima meni kwa dakika moja moja tu. Usiku wa leo umeme umekaa nje saa mbili na nusu, chaji iliyobaki ikaisha. Nimechukua bodaboda hadi Mwanga, duka la saa, nikanunua viwili, kimoja cha akiba.

Nimekibadilisha, nimeweka tarehe, nimeiagiza upya. Kisha nimechomoa waya wa umeme wa seva kabisa na kuuacha hivyo kuanzia saa 4 hadi saa 8 mchana, wanafunzi wakinilaumu. Nilipouchomeka, feni ilianza kuzunguka kabla sijainuka sakafuni.

Jioni nimepita getini. Mzee keshapiga mstari mpya kwenye daftari lake kwa rula, safu ya tatu baada ya *umekatika* na *umerudi*. Juu yake ameandika: *mashine ya maktaba imewaka?* Nimemwonyesha dirisha ambalo taa ya kijani inaonekana kutoka kibandani. Kasema anaiona, ila kuna tawi la mwembe, atalikata kesho.